Goti la Kusalimia

Baba alijibu salamu za kila mtu isipokuwa zangu. Aliwajibu wazee wa jumuiya waliokuja kumwona. Alimjibu mchuuzi wa dagaa wa Bumbire aliyepita na ndoo kichwani. Alimjibu hata dereva wa bodaboda aliyenileta, ambaye alisalimia akiwa amekaa juu ya pikipiki, injini inanguruma. Mimi nilisimama mlangoni kwetu, Ijumbi, nikainamisha kichwa nikasema, "Mwasibota, tata," nikimwuliza alivyoshinda, kama binti yeyote wa Kihaya anavyomwuliza baba yake. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye raba. Kisha akageukia ukuta wenye kalenda ya parokia, akanyamaza.

Nikarudia, nikidhani hakusikia. Alikuwa amesikia.

Wageni walipoondoka ndipo aliposema nami, tena kwa sauti ya kawaida, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Nimeambiwa unakimbia. Watu wamekuona Rwamishenye."

"Ni kweli, tata."

"Basi goti la kukimbilia limepona. La kusalimia ndilo bado."

Nilikwenda jikoni kwa shangazi nikiwa nimefura kwa hasira, nikachukua kisu nikaanza kumenya ndizi bila hata kuulizwa.

Kwetu mtoto wa kike hamsalimii mzazi wake akiwa wima. Anateremka, magoti yote mawili chini, anasema salamu na kungoja. Mzazi akishajibu ndipo anainuka. Mjini tunafupisha, tunakunja goti kidogo tu na kuendelea na safari zetu, na wapo wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Sikuwahi kuwa mmoja wao. Nilimpigia baba goti tangu nilipoanza kutembea, na sikuona unyonge wowote ndani yake. Ilikuwa namna yangu ya kubisha hodi, na jibu lake ndilo lililokuwa "karibu" yangu.

Goti lenyewe nililivunja njiani nikienda kwake. Nilikuwa nimebeba dawa zake za presha na chumvi, mvua imenyesha, na bodaboda iliteleza kwenye udongo mwekundu baada ya kuacha lami. Dereva aliangukia majani. Mimi niliangukia jiwe. Kile kisahani cha mbele ya goti kilipasuka, nikapelekwa Mwanza kwa meli, nikafungwa waya ndani ya goti ili vipande vishikane. Ninataja dawa kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sikuwahi kumtajia yeye. Ulimi uliniwasha mara nyingi kumwambia kwamba goti analolidai lilivunjikia kwenye shughuli zake. Nilijua neno hilo nikilisema halitarudi tena mdomoni.

Waya hizo ndizo zilizonitenganisha na baba. Ukikimbia, goti linajikunja hewani na waya zinatulia mahali pake. Ukipiga goti, uzito wote unashukia kwenye waya, na juu ya waya pana ngozi tu. Nilijaribu mara moja, chumbani kwangu Miembeni, Bukoba mjini, juu ya godoro langu. Nilipiga yowe hadi mama mwenye nyumba akaja kugonga mlango akiuliza kama nimeingiliwa na nyoka.

Mtaalamu wa viungo aliyekuwa akinishughulikia Bukoba, mwanamke mwembamba asiye na mzaha, aliniwekea mambo wazi. Mfupa ulikuwa umeshika. Waya zingeweza kutolewa wakati wowote, na baada ya hapo huenda ningepiga goti. Lakini ningepasuliwa tena, ningelala tena, na ningeanza upya kujifunza kutembea.

"Na mbio?" nilimwuliza.

"Ukitoa sasa, mbio zijazo zisahau."

"Nikikimbia nazo?"

"Utakimbia na maumivu. Hutakufa. Goti litakununia tu."

Nikamwambia mimi nimezoea kununiwa.

Mbio zilikuwa za kilomita ishirini na moja, kuanzia Kemondo mpaka ufukweni mjini. Mwaka nilioanguka nilikuwa nimejiandikisha. Siku ya mbio nilikaa kando ya barabara juu ya ndoo iliyopinduliwa, magongo mapajani, nikawatazama wenzangu wakipita. Wengine walinipungia mkono. Mmoja alisimama kunikumbatia nikatamani angepita tu. Niliumia kuliko nilivyoumia Mwanza. Mimi ni fundi cherehani, nakaa kibarazani mwa duka la vitambaa tangu asubuhi hadi jioni nikishona sare za shule, kanzu za Idi na magauni ya harusi za watu. Kukimbia ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho sikumshonea mtu.

Basi nilichagua mbio, waya zikabaki.

Nilianzia kwenye cherehani. Mtaalamu alipogundua kwamba yangu ni ya kukanyaga kwa miguu alisema hilo ndilo zoezi langu, nihamishie kazi yote mguu mbovu. Nilikanyaga hadi jasho likadondokea kwenye vitambaa vya wateja. Miezi ya mwanzo sindano ilikwenda kwa kigugumizi, mishono ikatoka mirefu mifupi, nikafumua na kurudia. Nilipoweza kumaliza sketi nzima bila kubadilisha mguu, nikatoka barabarani.

Barabarani nilikiona cha mtema kuni. Kutoka mjini kwenda Rwamishenye ni kupanda, na goti lenye waya halipendi kupanda, ila linachukia zaidi kuteremka. Asubuhi za baridi, ukungu ukitoka ziwani, nilizihisi waya zote mbili kila moja mahali pake. Madereva wa bodaboda kituoni walinizoea wakaanza kunitania. "Mama, aliyekuwa anakufukuza amesharudi nyumbani." "Mama, panda, tusionane wabaya." Siku goti likiwa zuri niliwajibu, nikawaambia wao ndio watakaoketi hadi makalio yaote mizizi. Siku likiwa baya nilipita kimya, nao wakanyamaza, na kunyamaza kwao kuliniudhi kuliko utani.

Nilikuwa natafuta barafu. Friji sikuwa nayo, kwa hiyo nilishuka kwa wauza samaki ufukweni, wakanipa mabaki ya barafu waliyofunikia sangara. Nilifunga goti kwa kanga yenye barafu hiyo nikaketi kibarazani nikishona. Wateja walivuta pumzi wakatazama huku na huku. Mteja mmoja aliniuliza kama siku hizi nauza na samaki. Nilimwambia ndiyo, ila wamekwisha.

Wakati wote huo niliendelea kwenda Ijumbi, kila nilipopata nafasi. Nilimpelekea baba dawa, naye alizimeza pale tu kichwa kilipomwuma, nyingine akamgawia jirani aliyelalamika kizunguzungu. Nilisimama mlangoni, nikasalimia. Hakujibu. Kisha tulizungumza kama kawaida, kuhusu mnyauko unaomaliza migomba, kuhusu kahawa, kuhusu nani amekufa. Alinicheka nilivyokaa mkekani mguu mmoja umenyooka mbele. Alinisogezea sahani ya senene, wale panzi wakavu niwapendao. Salamu tu ndiyo hakujibu. Nilikuwa namtazama mzee huyu akinisogezea sahani na kujiuliza inakuwaje mtu akupende kiasi hiki na asikwambie neno moja dogo hivyo.

Maana hakuchukia kukimbia, hilo nilijua. Raba zangu za kwanza alininunulia yeye, Muleba mjini, nilipochaguliwa kukimbia kwa niaba ya shule. Alinipeleka kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma kwenye keria, na njia nzima ya kurudi alinikataza kuzivaa ili zisichafuke kabla ya siku yenyewe. Nilishika nafasi ya nne na kulia. Alisema wa nne anajua njia sawasawa na wa kwanza.

Siku moja, mvua za vuli zikianza, niliishiwa uvumilivu. Nilikuwa nimeshasalimia na kuachwa pale mlangoni, na safari hii mbele ya bwana shamba aliyekuja kuangalia migomba, ambaye salamu yake ilijibiwa kwa kicheko na kiti. Nilikwenda jikoni nikamwambia shangazi, dada yake baba, anayeishi naye tangu mama afariki, kwamba sitakuja tena. Nitatuma dawa kwa watu wa magari.

Shangazi hakuacha kumenya. "Unadhani amekukasirikia?"

"Hanijibu, shangazi. Miezi yote hii."

"Bwana shamba amejibiwa amesimama?"

"Si umesikia mwenyewe."

"Padri je? Mwuza dagaa?"

"Wote hao anawajibu."

"Hao ni wageni," alisema. "Mgeni anajibiwa popote alipo, hata akiwa juu ya pikipiki. Wewe akikujibu umesimama amekuhesabu nao. Amekutoa nyumbani humu. Kaka yangu hilo hawezi kulifanya, mama, hata umkalie kooni." Aliisukuma ndizi ndani ya beseni la maji. "Anakutunzia jibu lako. Wewe umekalia kununa tu."

Nililia juu ya zile ndizi. Nililia kwa aibu na kwa furaha pamoja, na kwa hasira pia, kwa sababu ningependa mtu aniambie jambo hilo mapema. Kisha nilinawa uso, nikarudi sebuleni, nikaketi mkekani na mguu wangu ulionyooka.

"Tata," nilimwambia, "mbio zikiisha naenda kutoa hizi waya. Nikipona nitakuja nipige goti, magoti yote mawili."

Baba alitia mdomoni punje nyingine ya kahawa ya kutafuna.

"Mbio lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Nitangoja," alisema. "Kwani naenda wapi?"

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi. Nilirudi mjini kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu nianguke. Nilikimbia Miembeni hadi Rwamishenye na kupita, nikakimbia kuelekea Kyetema na kurudi, na goti likijaa nilishuka ufukweni kwa barafu bila kunung'unika. Sikuwa nachagua tena kati ya mbio na baba. Vilikuwa vimepangwa foleni, kimoja nyuma ya kingine, na mimi nilikuwa nakwenda kuvichukua vyote viwili.

Dalili zilikuwepo, niliziona. Baba alimwita shangazi kwa jina la marehemu mama, tukacheka wote. Alitia chumvi kwenye chai, akainywa. Siku moja aliniuliza mama amekwenda wapi na mvua hii, na kabla sijajibu akatikisa kichwa akasema, "Ah, nimesinzia." Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea kidogo. Nilisema ni uzee. Shangazi naye alisema ni uzee. Tulimpeleka zahanati, presha ikapimwa, ilikuwa juu sana, tukapewa dawa zilezile. Nilimsihi azimeze zote. Aliniahidi kwa adabu, na safari iliyofuata nilizikuta kwenye kopo.

Siku ya mbio kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri. Kemondo tulipanga mstari barabarani, vijana wembamba mbele wakirukaruka, sisi wengine nyuma tukijifanya hatuwaoni. Sina mengi ya kusimulia kuhusu mbio zenyewe. Nusu ya kwanza goti lilikaa kimya nikaanza kuliamini, na hilo lilikuwa kosa. Kwenye mteremko mmoja kitu kilichomoza ndani, si kwa nguvu, na tangu hapo kila hatua nilikuwa kama namkanyaga mtu aliye ndani ya mguu wangu. Nilitembea. Nilikimbia nguzo moja ya umeme hadi nyingine, nikatembea tena. Gari la kuokota waliochoka lilinifuata nyuma polepole, dereva akiniita dada, dada, panda. Nilimwambia kama hana kazi akaoshe gari.

Nilipofika ufukweni magari yalikuwa yamesharuhusiwa kupita na watu walikuwa wanakunja maturubai. Mama mmoja alifungua kasha lililokuwa limeshafungwa, akatoa medali, akanivika shingoni huku akiangalia goti langu. Damu ilikuwa imeshuka hadi kwenye soksi. Ncha ya waya ilikuwa imeitoboa ngozi kutoka ndani.

Nilifurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi sana. Niliketi kwenye mchanga, nikatazama ziwa lililokuwa limechafuka kwa upepo, na nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba sasa zamu ya baba imefika.

Shangazi alipiga simu jioni hiyo. Aliuliza kwanza kama nimemaliza. Nikamwambia nimemaliza. Ndipo aliposema, "Basi njoo. Baba yako hayuko vizuri. Tangu wiki iliyopita. Sikutaka kukuvuruga."

Kesho yake nilifunga goti kwa bandeji, nikatia medali kwenye mkoba, nikaenda. Nilipofika alikuwa ameketi kwenye kiti chake kilekile, amevaa koti, amenyolewa ndevu, mkono mmoja umelala mapajani. Alionekana mwenye afya kuliko nilivyotarajia. Nilishusha pumzi. Nikasimama mlangoni kama mwaka mzima nilivyosimama, nikainamisha kichwa.

"Mwasibota, tata."

Baba akaniangalia, uso ukamchanua.

"Nimeshinda salama, mama," alisema. "Na wewe umeshindaje? Karibu. Huko ulikotoka hawajambo?"

Nyuma yangu shangazi, aliyekuwa akija na chai, alisimama. Nilisikia vikombe vikigongana kwenye sinia.

Jibu zima. Lilikuwa na kila kitu, na "karibu" juu yake. Mwaka mzima nililitamani, na lilipokuja nilielewa kila neno na maana yake, kwa sababu shangazi alikuwa ameshanieleza siku ile jikoni, akimenya ndizi.

Nilipiga goti. Sikufikiri. Nilishuka yote mawili, juu ya waya, juu ya kidonda, na maumivu yalinipanda hadi kwenye meno. Nikasalimia tena kutoka chini, nikimwangalia usoni, nikingoja anione.

"Hapana, hapana," baba alisema kwa upole, akinyoosha ule mkono mzima. "Inuka, mama. Mgeni hapigi goti hapa. Mpeni kiti."

Shangazi alileta kiti. Kilikuwa kile chenye kitambaa cha kufuma, ambacho tangu utoto wangu kilikuwa cha padri, cha bwana shamba na cha watu wa serikali. Sikuwahi kukikalia. Nilikikalia. Baba alimwagiza shangazi aniletee kahawa ya kutafuna, kama inavyompasa mgeni, kisha akatazama miguu yangu kwa makini.

"Raba nzuri," alisema. "Na mimi nina binti anakimbia. Yuko Bukoba, fundi cherehani. Goti lilimsumbua sana. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ukikutana naye mwambie mbio zikiisha aje anisalimie. Mimi bado nangoja."

Nikamwambia nitamfikishia.

Waya zilitolewa baada ya kidonda kukauka. Mtaalamu alinifundisha kushuka kidogo kidogo, kwanza juu ya mto, kisha mkeka uliokunjwa, kisha sakafuni, na aliposema goti limepona nilimshukuru nikaenda kulia chooni. Sasa naweza kupiga goti popote. Kila ninapokwenda Ijumbi nashuka yote mawili mlangoni, taratibu, kama nilivyolelewa, kwa sababu huenda siku moja atanyamaza mpaka nifike chini. Ananiona ninavyoanza kukunja, naye ni mtu wa adabu kwa wageni. Ananijibu kabla sijafika chini.